Abiria wa Dumuni

Msafiri aingiaye Kigali kwa basi, atoke Kampala au Huye, aghalabu hushushwa Nyabugogo, bondeni, karibu na mto wa jina hilohilo utokao Ziwa Muhazi. Hapo makarani huita abiria, wachukuzi husukumana, na Kiswahili, kilichofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, hukisikia bila kukitafuta.

Asubuhi moja niliketi kando ya mzee aliyelibana dumu la lita 20 kwa magoti. Nilidhani ni mafuta ya kupikia. Alipolifungua niliona midomo midogo ikihema juu ya maji: vifaranga wa perege, aliowanunua kwa mfugaji mmoja kusini ili awapande bwawani kwake Gicumbi. Watatu walikwisha kugeuka matumbo juu.

"Wana njaa, mwanangu," alisema, akatia mkono katika kifuko cha pumba.

"Usiwape, mzee wangu!" alidakia mama mmoja aliyekaa nyuma yetu. Yeye naye alikuwa na bwawa. Akaeleza kwamba samaki ahemaye juu ya maji amekosa hewa, si chakula; pumba na kinyesi huyaharibu maji machache, ndiyo maana mfugaji mwangalifu huwanyima chakula siku moja kabla ya safari. Nilikumbuka Kisumu, ambako mwaka 2022 samaki wengi wa vizimba walikufa katika Ziwa Victoria, maji yalipopungukiwa na hewa. Ikiwa ziwa zima laweza kuwanyima pumzi, sembuse dumu!

Tulitafuta dumu la pili. Mama akawagawa, kisha akaongeza maji safi ya mtoni aliyokuwa amebeba mzee, akiyamimina kutoka juu ili yachukue hewa. Madumu tukayaweka kivulini, maana maji ya moto hushika hewa kidogo. Midomo ikatulia. Akamwonya pia asiwamwage mara moja kwenye maji baridi ya kule mlimani. Ayachanganye maji ya bwawa na ya dumu kidogo kidogo.

Basi la Gicumbi lilipokuja, karani alitaka madumu yaende kwenye buti, pamoja na magunia. Mzee alikataa. Walibishana kitambo. Hatimaye alihesabu noti zake, akalipia kiti cha pili, akayapanga madumu yake dirishani, vifuniko vikiwa wazi.