Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, nami nilikuwa nikiipachika katika insha ili nipate alama tu. Maana yake niliipata likizo ya Agosti 2024, nyumbani Murera, mbele ya kompyuta iliyokataa kuamka.

Nikiwa Kidato cha Tatu, chama chetu kilinikabidhi kazi ya kupiga chapa makala ya jarida. Kaka yangu aliniazima kipakatalishi chake kizee, ambacho betri yake ilikuwa imekufa kitambo. Hakutaka niguse kazi zake za chuo, kwa hivyo akanitengenezea mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, kwa programu iitwayo VirtualBox. Humo akaweka Ubuntu 22.04, mfumo wa ukoo wa Linux. Nililipenda jina hilo, kwani kule kusini mwa Afrika ubuntu ni utu. "Ukiharibu, haribu humo humo," aliniambia akicheka.

Nilikuwa nimemaliza makala kumi na manne. Kosa langu, nalikiri leo hadharani, ni kwamba sikuweka nakala nyingine popote, na zile karatasi za mkono nilikuwa nikizitupa kila nimalizapo moja.

Jioni moja mashine ikaniarifu kuwa kuna sasisho. Kiini cha toleo la 6.8 kilikuwa kinakuja kuchukua nafasi ya 6.5. Kiini, ambacho mafundi hukiita keneli, ndicho kinachoziunganisha programu na vifaa vya kompyuta. Nikakubali mbio mbio. Nani hapendi kitu kipya? Kazi ikiwa katikati, stima ikapotea mtaa mzima. Kipakatalishi nacho kikazimika, zii!

Stima iliporudi, kipakatalishi kiliwaka vizuri, lakini mashine pepe iliishia kwenye kioo cheusi chenye maandishi meupe. Ilisema kwa Kiingereza kwamba kiini kimeshikwa na hofu kwa kuwa hakikuweza kuifikia diski ya mfumo. Kama kiini kilishikwa na hofu, mimi je? Jasho jembamba lilinitoka. Nilizima nikawasha mara tatu, wapi! Nikawaza kuifuta mashine nzima nianze upya. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe nilipokumbuka kwamba kuifuta ni kuyafuta makala ya wenzangu pia.

Nikampigia kaka simu, nikitarajia kukaripiwa.

"Umefuta kitu?"

"Bado, kaka."

"Basi wacha haraka. Kile kiini cha zamani si bado kiko? Washa tena, na ushikilie Shift mara tu inapoanza."

Nikafanya hivyo. Menyu iitwayo GRUB ikatokea. Nikachagua mstari wa pili, ule wa machaguo ya ziada, na hapo nikaona orodha: 6.8 juu, 6.5 chini yake. Kaka akanieleza kwamba Ubuntu ikipokea kiini kipya, haking'oi papo hapo kile kilichokuwa kikifanya kazi. Nikateua 6.5. Moyo ulinidunda kama ngoma, kisha mashine ikaamka! Makala yote yalikuwepo.

Kaka hakuniruhusu kusherehekea. "Kwanza nakili kila kitu kwenye flashi." Nikanakili. Kisha tukamalizia kazi iliyokatika kwa amri ya sudo dpkg --configure -a, ikafuatiwa na sudo update-initramfs -u -k all. Hiyo ya pili huunda upya kifurushi kidogo ambacho kiini hukitumia kuitafuta diski. Hicho ndicho kilichoharibika stima ilipopotea. Mwisho tukaandika sudo update-grub. Nilipowasha tena, 6.8 ikaamka bila kinyongo. Nilipouliza kwa nini nisibaki na 6.5, kaka alinijibu kwamba viini vipya huja na viraka vya usalama. Cha zamani ni cha kukushika usianguke, si cha kuishi nacho milele.

Usiku huo nilimsimulia nyanya, naye akacheka. Ruiru 11, kahawa iliyotolewa mwaka 1985 na watafiti wa hapa hapa Ruiru, ilipomfikia, aliipanda, lakini hakung'oa SL 28 yake mpaka mipya ilipozaa. "Ningekula nini nikingoja?" akaniuliza. Sikuwa na jibu.

Shule zilipofunguliwa nilimweleza mwalimu mlezi ukweli wote kuhusu karatasi nilizotupa. Alininyamazia kitambo, kisha akatoa amri moja ambayo tunaifuata mpaka leo: hakuna karatasi ya mwandishi itakayotupwa kabla jarida halijatoka. Basi nawe mwenzangu, mashine ikigoma, usikimbilie kufuta. Tazama kwanza kama mbachao bado uko.