Korido ya mama, toleo la pili

Najua nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na baadhi yenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. La, sijaacha. Nilikuwa Nakuru, nyumbani kwa mama, nikiwa na brashi mkono mmoja na chuma cha kuchomelea waya mkono wa pili. Kwa hivyo leo sitawaletea habari za hifadhidata wala lugha mpya za programu. Leo ni habari za korido.

Nyumba ya mama ni ya mawe, ya zamani, na korido yake ina urefu wa mita 6 na upana wa mita 1.2. Haina dirisha hata moja. Upande mmoja ni chumba cha mama, upande wa mwisho kabisa ni choo na bafu, na katikati kuna milango mingine miwili. Kuta zilipakwa kwa mtindo ule mnaoujua kutoka shuleni na zahanati: nusu ya chini rangi ya mafuta ya kahawia, nusu ya juu rangi ya maji iliyowahi kuwa nyeupe. Sakafu ni simiti nyekundu inayopigwa polishi kila Jumamosi hadi unaweza kujitazama. Balbu ni moja, katikati ya dari, na swichi yake iko mbali na mlango wa mama.

Mama ana glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Ugonjwa huu kwa kawaida huanza kula pembeni mwa macho, polepole, na mtu anaendelea kusoma gazeti vizuri huku haoni ukingo wa meza ulio kando yake. Dawa ya matone husaidia kuzuia usiendelee, lakini uoni uliokwisha kupotea haurudi. Mwezi wa pili alianguka koridoni usiku akielekea chooni. Hakuvunjika, alhamdulillahi kama wasemavyo majirani zake, ila kiwiko kilivimba wiki mbili. Ndugu zangu wakaketi (kwenye simu, siku hizi hata vikao vya ukoo ni vya simu) wakaamua: akianguka tena, nyumba inapangishwa na mama anahamia Nairobi kwa dada, ghorofa ya nne. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hapa ndipo nilipo." Akakata simu.

Basi mimi nikaomba miezi mitatu.

Nilianza kwa kufanya kile tunachofanya kazini kabla ya kugusa msimbo: kumtazama mtumiaji. Nililala pale siku nne, na kila mama alipotembea koridoni nilitazama mikono na miguu yake. Niligundua mambo mawili ambayo nisingeyajua kwa kukaa Nairobi na kuagiza vitu. Kwanza, ile kahawia ya ukutani na wekundu wa sakafu vinamezana. Gizani au mwanga ukiwa hafifu, mama haoni ukuta unaishia wapi na sakafu inaanzia wapi, kwa hivyo hupapasa. Pili, hasimami popote isipokuwa pahali pamoja, katikati, kabla ya mlango wa stoo. Hapo huweka kiganja ukutani, hupumua, kisha huendelea. Kulikuwa na alama ya weusi hapo, ukubwa wa kiganja.

Watengenezaji wa rangi wana kipimo cha kueleza rangi inarudisha mwanga kiasi gani, kutoka 0 hadi 100. Nyeusi iko karibu na sufuri, nyeupe iko juu. Waingereza hushauri kwamba ukitaka mtu mwenye uoni hafifu atofautishe vitu viwili vinavyokutana, kama ukuta na mlango, tofauti yao iwe angalau pointi 30. Ukiisha kujua hilo hutaitazama tena korido kwa macho yale yale. Uzuri wa rangi unakuwa jambo la baadaye, la kwanza ni tofauti.

Mama hakukubali upesi. "Kahawia inaficha uchafu," alisema, na ni kweli, ndiyo maana ilipakwa. Nikamletea kipande cha mbao nilichopaka rangi ya maji ile inayong'aa kidogo, ya krimu, nikakipaka masizi na kukifuta kwa kitambaa chenye sabuni mbele yake. Kilitakata. Akakigeuza, akakikwaruza kwa ukucha, akasema nipake, lakini milango iwe samawati nzito, si kahawia tena. Hilo hata sikulifikiria mimi, na lilikuwa wazo bora kuliko yangu yote. Samawati nzito kwenye ukuta wa krimu inaonekana hata na mtu aliyevua miwani.

Sasa, tahadhari kwa mtu yeyote mwenye nyumba ya zamani. Rangi za mafuta za miaka ya nyuma mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, kwetu udhibiti ulikuja baadaye sana. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio huumia zaidi. Kwa hivyo usipige msasa mkavu ukajaza nyumba vumbi! Mwana wa dada yangu, wa miaka miwili, alipelekwa kwa shangazi wiki nzima. Mimi nilivaa barakoa, nikatumia msasa wa maji, nikilowesha ukuta na kufuta tope kwa matambara ambayo yaliishia kwenye mfuko uliofungwa. Ni kazi chafu na ya polepole, lakini haina mbadala, maana rangi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta inayong'aa. Itabanduka kama ngozi ya kitunguu. Kwaruza kwanza, osha, kausha, paka rangi ya kwanza ya kushikia, ndipo upake ile ya mwisho mara mbili.

Hesabu ilikuwa hivi: kuta zote ni karibu mita 39 za mraba, ukitoa milango zinabaki karibu 31. Mara mbili ni 62. Lita moja hufunika takriban mita 10, kwa hivyo lita 6 na kidogo. Mikebe miwili ya lita 4 ikatosha na ikabaki ya kurekebishia.

Tuje kwenye taa, najua wengine mlikuwa mnasubiri hapa.

Stima ya volti 240 sikuigusa. Hiyo ni ya fundi mwenye leseni, na alikuja akahamisha swichi ya balbu hadi mkabala na mlango wa mama. Nilichofanya mimi ni cha volti 12: utepe wa taa za LED zenye mwanga wa manjano, urefu wote wa korido, Arduino Nano moja, mosfeti moja, sensa mbili za mwendo aina ya HC-SR501, kijiti cha kupima mwanga ili zisiwake mchana, fyuzi, na betri ya 7 Ah inayochajiwa na stima. Betri ni lazima. Stima hupotea, na haichagui usiku ambao mama hatakwenda chooni.

Utepe niliufichia nyuma ya ubao mwembamba, chini, ili mwanga umwagike sakafuni na usimpige machoni. Usiku wa manane hauhitaji kuona dari. Programu huziwasha pole pole kwa sekunde mbili na kukomea asilimia 40, kwani mtu anayetoka kwenye giza akipigwa na mwanga wa ghafla huwa kipofu kwa muda, na muda huo ndio tunaoukimbia.

Kazi kubwa ilikuwa pale mama anaposimama. Sensa hizi hazimwoni mtu. Zinaona joto linalosogea. Mtu akitulia, kwa sensa ni kabati. Mama akiwa ameweka kiganja ukutani anapumua, taa ya kawaida ya dukani ingezimika akiwa katikati ya njia, jambo baya kuliko kutokuwa na taa kabisa. Kwa hivyo sensa niliziacha na muda wao mfupi kabisa, kazi ya kuhesabu nikaipa programu: taa zinabaki kwa dakika tatu tangu mwendo wa mwisho, kisha zinafifia kwa sekunde 20 nzima, na mwendo wowote unazirudisha. Akiona zinafifia, anapunga mkono. Paka pia huziwasha. Mwacheni paka naye afaidi.

Ndugu yangu mmoja alitaka kamera. Akapendekeza hata mtandao, ili kila mama akitoka usiku sote tupate ujumbe. Kiufundi ni kazi ya jioni moja, na nilikataa. Kifaa hiki hakina waya wala redio ya kukifikisha popote, hakihifadhi chochote, na kikizimwa kinasahau. Mama hakuomba watoto wanne wa kuhesabu safari zake za chooni. Tulibishana, na bado hatujaelewana, lakini aliyeshika chuma cha kuchomelea ni mimi.

Kilichobaki kilikuwa mti wa kushikia. Hapo mama alikataa kabisa. "Hicho ni cha hospitali." Nilimpima urefu wa kifundo cha mkono akiwa amesimama, sentimita 84, nikampa seremala kipande cha saiprasi akikichonge kiwe mviringo wa milimita 40, nikakipaka samawati ile ile ya milango. Nikakifunga kwa skrubu zilizoingia kwenye mawe yenyewe, si kwenye plasta, na nikauning'inia kwa kilo zangu zote 78 huku mama akitazama kwa dharau. Hakuugusa siku ya kwanza wala ya pili. Siku ya tatu nilikuta ameanika leso zake mbili juu yake. Siku ya tano leso zilikuwa zimesogezwa hadi mwisho, na pale katikati, kabla ya mlango wa stoo, mti ulikuwa umeanza kung'aa kwa kushikwa.

Polishi ilihitaji mazungumzo ya diplomasia. Makubaliano ni kwamba sebule itaendelea kung'aa, korido haitapigwa. Kila Jumamosi bado ananiambia kwa simu kwamba sakafu imekuwa ya aibu.

Gharama yote, pamoja na fundi wa stima na seremala, haikufika shilingi 25,000. Miezi mitatu niliyoomba itaisha mwezi ujao, na ndugu yangu wa kamera atakuja kukagua mwenyewe. Mama amesema atampikia, kisha atamzimia balbu amwambie atembee.

Kwa sasa ameshanipa kazi nyingine: vidato vya mlango wa jikoni. Vipimo amevichukua mwenyewe kwa futi ya cherehani na kuviandika nyuma ya kalenda. Nitahitaji sensa isiyoingia maji. Mwenye kujua aina nzuri inayopatikana Nairobi, naomba aniandikie.