Kuvunja Upangaji kwa Mapatano

Mkataba wa nyumba hufungwa siku ya matumaini na huvunjwa siku ya haja. Watu wawili huahidiana juu ya miezi ambayo hakuna kati yao aliyeiona. Si ajabu, basi, ahadi yao kukutana njiani na uhamisho, ugonjwa au msiba. La ajabu ni kwamba mikataba mingi hueleza kwa urefu namna ya kuingia nyumbani, wala haisemi neno juu ya namna ya kutoka.

Katika Dar es Salaam, desturi ya kudai kodi ya miezi sita au kumi na miwili mbele huzidisha uzito wa jambo hili. Mwalimu mmoja alilipa kodi ya mwaka mzima, shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwezi wa nne ulipokwisha alipata barua ya kuhamia Songea. Alimwendea mwenye nyumba, mjane wa makamo, akamwamkia kwa adabu, kisha akataka arudishiwe shilingi 800,000.

"Mwanangu," mama alijibu, "fedha zako zi juu ya kichwa chako. Nimenunulia mabati."

Jibu hilo halikuwa hila. Mwalimu alihitaji fedha za kupangia kwingine. Mjane hakuwa nazo. Kila mmoja alikuwa na haki yake, na haki mbili zikigongana pasipo busara huzaa kesi.

Sheria ya Mikataba, iliyotungwa Tanganyika mwaka 1961 kwa kufuata mfano wa ile ya India ya mwaka 1872, haimpi aliyevunjiwa ahadi kila anachotamani. Humpa fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji huo, na hutazama pia njia alizokuwa nazo za kuipunguza. Nyumba iwezayo kupata mpangaji mwingine haifai kuachwa tupu ili deni likue. Vivyo hivyo, anayeondoka kabla ya muda wake hawezi kudai kwamba hajamtia mwenziwe hasara.

Mazungumzo yao yalifuata njia hiyo. Mwalimu alikubali kupoteza kodi ya mwezi mmoja wa notisi, na kulipa ujira wa dalali, ambao ni kodi ya mwezi mwingine. Zilibaki 600,000. Mama aliahidi kutoa nusu siku mpangaji mpya atakapolipa, na nusu ya pili baada ya miezi mitatu. Waliandika, wakatia sahihi mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Hakuna aliyepata yote aliyoyataka, wala hakuna aliyedhulumiwa. Lakini mistari mitatu katika mkataba wa kwanza, juu ya muda wa notisi, gharama za kumpata mpangaji mwingine na siku ya kurudisha fedha, ingaliwaondolea wote wawili mashaka. Anayefikiri juu ya kutoka wakati wa kuingia hamtakii mwenziwe mabaya. Humwekea akiba ya amani.