Hadithi Niliyoipika Makambako

Wengi mnaniuliza mgahawa unaendeleaje, na hasa nyinyi mabiharusi mnaokwenda kuolewa bara mnataka kujua kama urojo unauzika kwenye baridi. Unauzika. Lakini nikuhadithieni kwanza namna nusura nijiharibie mwenyewe.

Nimeolewa Njombe, ila mgahawa niliufungua Makambako, kiasi cha kilomita 60 kutoka nyumbani, kwa sababu ndiko waliko wapita njia. Pale ndipo barabara ya Mbeya inapoachana na ile ya Njombe na Songea, na treni ya TAZARA nayo inapita. Abiria akishuka kwenye basi ana dakika 10, kondakta keshaanza kupiga kelele, basi ananunua anachokijua: chipsi, kuku, mahindi ya kuchoma. Bakuli la rojo la manjano lenye bajia na kachori ndani yake ataliuliza la nini? Miezi minne nilikuwa namwaga urojo usiku. Mtaji wenyewe ulikuwa bangili zangu mbili za dhahabu, mahari yangu, na kila nikimwaga sufuria nilikuwa naziona zinakwenda na maji.

Nilikuwa nimesikia kwamba watu hawakumbuki chakula peke yake, hukumbuka hadithi iliyokuja nacho. Nikatunga. Nikaandika kwenye ubao mlangoni kwamba mapishi haya yametoka jikoni kwa Sultani, Beit al Ajaib, na bibi yangu ndiye aliyeyarithi. Nikatia na mwaka wa kweli, 1883, mwaka lilipojengwa jumba lile, maana uongo ukishikizwa na tarehe hupendeza. Na watu wakaja! Wakaupiga picha ubao.

Siku moja akaingia bibi mmoja wa makamo ya marehemu bibi yangu, kajifunga buibui, anamfuata mwanawe Songea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

Akausoma ubao, akala taratibu mpaka akamaliza. Kisha akaniuliza mie mtoto wa wapi. Nikamwambia Michenzani. Bibi yako nani? Nikamtaja.

"Namjua, Mungu amrehemu. Akiuza urojo barazani kwake kila siku baada ya alasiri. Sasa mwanangu, baraza ile imekutia aibu gani hata ukamvisha ya Sultani?"

Sikuwa na jawabu. Alilipa, akaniombea dua, akapanda basi lake.

Usiku sikulala. Nyote mnakijua kile kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikatoka na umaji. Mie rundo langu lilikuwa hivyo hivyo, kavu juu, chini limerowa. Asubuhi nikaufuta ubao.

Nikaandika mambo yalivyokuwa. Bibi yangu alifiwa na mume akiwa na watoto watano, akawalea kwa urojo. Mbatata alizozitia zilikuwa zinavuka bahari kutoka bara, naye hajawahi kuliona shamba lake hata siku moja. Leo mjukuu wake anapika huku huku zinakolimwa.

Maneno mengi hayafai kwa mtu mwenye dakika 10. Kwa hiyo nikiweka bakuli nasema moja tu: "Mbatata hizi kachimba mama mkwe wangu, Njombe." Mtu huangalia bakuli upya. Ndimu siikamui, naiweka pembeni, namwambia bibi alifanya hivyo kwa sababu kila mtu anaujua ukali wake mwenyewe. Akishaikamua kwa mkono wake, urojo si mgeni tena. Na sielezi yote. Namwambia watoto walikuwa watano na nyumba ilikuwa haijaezekwa, honi inalia, anakwenda zake. Dereva mmoja wa lori alirudi baada ya wiki tatu, hata salamu hajatoa: "Ehe, paa alilipata?"

Sikusemeni kwamba nimetajirika. Ubao wa Sultani uliuza haraka zaidi kuliko huu, hilo ni kweli. Lakini sufuria sasa inarudi tupu siku nyingi, na bangili moja nimeshainunua tena, nyembamba kidogo.

Juzi mama mkwe kaja na gunia lake, kakaa pembeni na kikombe cha chai, anawaamkia wateja "kamwene", huku akinisikiliza ninavyohadithia. Nilipomaliza akatikisa kichwa.

"Mwanangu, unasema nimechimba. Na aliyepanda nani? Aliyepalilia na mvua ile nani? Hebu nipishe."

Akavuta kiti katikati ya mgahawa, akaanza na mwaka ule baridi ilipounguza shamba zima. Kondakta akapiga honi mara mbili. Meza ya dirishani walikuwa hawajamaliza kula, na hawakuinuka.