Ndoo tatu za marando nyuma ya jiko

Mwezi wa tisa mwaka jana mama alinipigia simu kutoka Butiama. Baada ya salamu na kuuliza mjukuu wake ameamkaje, akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba: "Mama, marando yamekwisha. Yote."

Kwa mzazi mwenzangu ambaye hajawahi kushika jembe, marando ni mashina ya viazi vitamu yanayotambaa, na ndiyo mbegu yenyewe. Unakata kipande cha sentimita 20 hadi 30, unakifukia vifundo vitatu hivi, kinashika. Bila marando hakuna viazi. Kwetu Mara kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho huyamaliza. Jua linachoma, bonde linakauka, na kilichobaki wanakula mbuzi wa jirani. Vuli ikianza kila mtu anatafuta marando na wenye nayo ni wachache.

Marando ya mama hayakuwa ya viazi vya kawaida. Yalikuwa ya viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, na mwanangu wa miezi kumi na moja alikuwa akivila tangu alipoanza chakula cha nyongeza. Kila wiki mfuko ulikuja Musoma kwa Hiace. Mfuko ulipokoma, na mimi kazini nimebanwa, mtoto akahamia kwenye uji mweupe na biskuti.

Miezi miwili baadaye, kliniki, mstari kwenye kadi yake ulikuwa umelala kama barabara ya Bunda. Nesi akaniangalia, akaangalia kadi, akauliza taratibu: "Dada, si wewe tunayekusoma gazetini?" Wiki hiyohiyo nilikuwa namalizia makala kuhusu vitamini A. Nilitamani sakafu ifunguke.

Nesi hakunigombeza. Alinikumbusha kwamba kiazi peke yake hakipandishi uzito. Mtoto anahitaji maharage, dagaa wa kusaga, yai, mafuta kidogo, na kula mara nyingi zaidi kwa siku. Lakini kile kiazi kilikuwa na kazi yake. Rangi ya chungwa ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na kiazi lishe kidogo kilichochemshwa, cha gramu 125 hivi, kinaweza kumtosha mtoto mdogo kwa siku nzima. Kiazi cheupe karibu hakina kitu hicho. Matone ya vitamini A ya kila miezi 6 kwa watoto wa kuanzia miezi 6 hadi kabla ya miaka 5 yanabaki palepale, usiyaache.

Nikaamua marando hayatapotea tena kwenye ukoo wetu. Nitatunza mimea mama michache hapa Musoma, nyuma ya jiko la nyumba ninayopanga Nyasho, kwenye ndoo za rangi za lita 20. Mbegu ingetoka kwa shangazi yangu wa Bunda, ambaye bado alikuwa na Kabode. Aina hiyo ilizalishwa Uganda, na mtafiti wake, Robert Mwanga, ni mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya mazao yenye lishe. Huku Kanda ya Ziwa wengi walivijua viazi hivi kupitia mradi wa Marando Bora, ulioanza mwaka 2009.

Basi msomi nikaanza kuharibu.

Ndoo ya kwanza niliijaza mbolea ya kuku ya jirani, mbichi, ikinuka hadi barabarani. Niliwaza chakula kingi ndiyo afya. Ndani ya wiki kingo za majani zilikuwa zimeungua, kwa sababu samadi mbichi bado inachemka na ile ya kuku ni kali kuliko zote. Ndoo ya pili niliweka udongo mweusi wa mbuga niliobeba kwa shangazi kwenye kiroba, nikiamini cheusi ndicho chenye rutuba. Rutuba upo nayo, lakini kwenye ndoo udongo ule ukilowa ni gundi na ukikauka ni tofali. Nilikwenda Serengeti siku tatu kikazi, nikarudi nikakuta tofali lenye nyufa na marando yaliyosinyaa. Ndoo ya tatu ilikuwa mchanga wa ziwani. Huo unapitisha hewa vizuri sana, tatizo unapitisha na maji na mbolea yote. Ulitaka kunyweshewa asubuhi na jioni kama mtoto mchanga, na mtoto ninaye tayari.

Mama alikuja Januari. Alizitazama ndoo zangu, akavua kanga ya begani, akakaa chini. "Wewe unatafuta udongo mzuri," akasema. "Tafuta unaovumilia mtu asiyekuwepo nyumbani."

Alichanganya kwa mikono: makopo mawili ya udongo wa juu wa shamba lake, kopo moja la mchanga mnene, kopo moja la samadi ya mbuzi iliyokaa hadi haina harufu. Samadi ya mbuzi ina vigololi, vinavunjika polepole, kwa hiyo mmea unalishwa kidogokidogo bila wewe kukumbuka. Akachukua konzi ya mchanganyiko wenye unyevu, akaufinya. Ulishikana, akaugusa kwa kidole ukasambaratika. Huo ndio. Ukibaki donge, ongeza mchanga. Ukikataa kushikana, ongeza samadi. Ndoo zikatobolewa chini, na juu ya udongo zikatandazwa nyasi kavu. Nyasi hizo zimeniokolea maji kuliko kitu chochote.

Niliuliza kuhusu urea. Alinijibu kwamba nikimlisha sana mama huyu atarefuka kwa majani laini, na wadudu watamfuata. Akaniagiza konzi moja ya samadi iliyooza kila nikishakata marando, basi. Majivu ya mkaa aliruhusu chembe tu, maana yakizidi udongo unakuwa kama magadi. Kumwagilia ni kidole: kitumbukize hadi kiungo cha pili, kikitoka kikavu, mwagilia.

Tuligombana kwenye chandarua tu. Inzi weupe na vidukari hubeba virusi vya viazi, na mmea mama ukiugua, kila kipande unachokata kinaondoka na ugonjwa. Ukiona majani madogo, yaliyojikunja na ya njano, ng'oa, usihurumie. Kwa hiyo mama alitaka neti ya kufunika ndoo. Mimi ninayeandika kila mwaka kwamba chandarua si cha bustani wala cha kuvulia samaki nikasimama mlangoni. Tukapatana: ile kuukuu iliyochanika vibaya, ndiyo. Ya mtoto haitoki kitandani.

Kijana wa chumba cha pili alipoona majani mabichi chini ya neti akaja kwa kunong'ona: "Dada, isije ikawa ile ya Tarime?" Mkoa wetu ukisikika redioni kwa kilimo mara nyingi ni mashamba ya bangi yanafyekwa, na anayekamatwa analima anaozea jela, kwa hiyo sikumlaumu. Nilimfunulia aone. Siku hizi ananisaidia kumwagilia nikisafiri.

Mtoto tulimrudisha kwenye mstari kwa maharage, dagaa na viazi lishe vya kununua sokoni Bunda, kwa bei iliyonifanya nizipende ndoo zangu zaidi. Mstari ulianza kupanda mwezi wa tatu. Nesi alipiga alama ya kalamu, hakusema kitu, akatabasamu.

Kiangazi cha mwaka huu ndoo zote tatu zimevuka. Wiki iliyopita mvua ilipogusa Butiama nilikata vipande sitini, nikaacha mashina mafupi yachipue tena, nikavifunga kwenye kitenge chenye maji na kumkabidhi kondakta wa Hiace. Jioni simu ikaita.

"Yamefika," mama akasema. "Mengine umekata mafupi mno. Mjukuu amekula nini leo?"