Bastola ya Marehemu na Namba Iliyofutwa

Msimu wa pamba ukifika, Malampaka hubadilika. Mji huu mdogo wa wilaya ya Maswa, uliokua kando ya reli ya Tabora hadi Mwanza iliyokamilika mwaka 1928, hujaa malori, mizani na watu wenye fedha taslimu. Mjomba wangu ni mmoja wa watu hao. Miaka michache iliyopita alivamiwa usiku, akapigwa, akanyang'anywa fedha za wakulima ambazo hazikuwa zake. Tangu siku hiyo hakulala vizuri, na wazo moja lilimkaa kichwani: kununua bastola.

Akanipigia simu. "Mpwa wangu, wewe umesoma. Kuna mjane hapa anauza bastola ya marehemu mumewe. Njoo uitazame."

Nilimjibu kwamba shahada zangu hazihusu silaha. Hata hivyo nilikwenda, nikamchukua na mzee mmoja mstaafu wa jeshi ambaye kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kutengeneza silaha. Mama mwenye nyumba alitupokea kwa mwangaluka na chai, kisha akaleta kifurushi cha kitambaa. Ndani yake mlikuwa na bastola ya silinda, Smith & Wesson ya aina iliyoitwa Victory, iliyotengenezwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili na kupelekwa kwa wingi Uingereza na katika himaya yake.

Mzee hakuigusa haraka. Alielekeza mtutu ukutani, akafungua silinda, akahakikisha matundu yote sita ni matupu, kisha akamtaka mjomba naye ahakikishe kwa macho yake. Ndipo akaanza kazi. Alivuta nyundo nyuma polepole, tundu moja baada ya jingine, akitazama kama silinda inajifunga barabara kabla nyundo haijafika mwisho. Silinda ikichelewa, alisema, tundu halikai sawasawa na mtutu, na risasi hupasua vipande vya risasi pembeni, vikamrukia mpigaji au aliye jirani. Akaitikisa silinda ikiwa imejifunga: kucheza kidogo si neno, kucheza sana ni uchakavu. Akatazama mwanya kati ya silinda na mtutu. Akaweka karatasi nyeupe nyuma ya mtutu, akachungulia kutoka mbele: misokoto ya ndani ilikuwa bado inaonekana, ingawa kutu ilikuwa imeacha vishimo.

Akaendelea na mambo ambayo mnunuzi wa kawaida hayajui. Bastola hizi zilitengenezwa kwa risasi fupi ya .38 ya Kiingereza. Baada ya vita nyingi zilichongwa matundu ili zipokee .38 Special, ambayo ni ndefu na nyembamba zaidi. Ganda lake likikaa katika tundu pana huvimba, na pengine hupasuka. Tena, zile zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa mwaka 1944 zina kizuizi cha nyundo kisichoaminika: baharia mmoja wa Marekani aliuawa na bastola iliyodondoka sakafuni, ndipo kiwanda kikabadilisha muundo. Mwenye kuibeba ile ya zamani hana budi kuacha tundu lililo chini ya nyundo likiwa tupu.

Mjomba alisikiliza akitabasamu. Kwake hayo yote yalikuwa maneno ya kupunguza bei.

Kisha mzee akaigeuza. Chini ya mshikio, karibu na pete ya kamba, ndipo ilipopaswa kuwapo namba inayoanza na herufi V. Palikuwa na mikwaruzo ya tupa tu. Akafungua silinda tena, akasoma namba iliyo kwenye uso wake wa nyuma, akaomba leseni ya marehemu. Mama akaleta karatasi iliyokunjwa mara nne. Namba hazikufanana.

Chumba kilinyamaza. Mzee akairudisha bastola kwenye kitambaa chake, akasema, "Chuma hiki bado ni kizima. Historia yake ndiyo mbovu."

Ndugu msomaji, hapo ndipo mtihani wetu ulipoanza. Mjomba alinivuta nje. Akaniambia kwamba majambazi hawaulizi namba. Akaniuliza nilikuwa wapi usiku ule alipokuwa amelala chini, damu ikimtoka. Sikuwa na jibu. Ndani, mama naye alikuwa na hesabu yake: ada ya mtoto. Hakujua mumewe aliipata wapi silaha ile. Alichojua ni kwamba imekaa sandukuni tangu mazishi, na kwamba aliogopa kuulizwa kwa nini hakuipeleka mapema.

Hata namba zingefanana, biashara ile isingekuwa halali. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu silaha kupita mkono hadi mkono kama baiskeli. Leseni ni ya mtu, nayo hairithiwi pamoja na sanduku. Silaha iliyofutwa namba ni jambo zito zaidi, kwa sababu huenda imewahi kumwaga damu ya mtu, na anayeinunua hununua pamoja na kesi yake.

Tulimshawishi mama. Hatukuibeba barabarani, tulimwita mwenyekiti wa kijiji, polisi wakaarifiwa, wakaja wakaichukua kwa maandishi. Mama hakushtakiwa. Hakupata hata shilingi moja pia. Mjomba hakuzungumza nami hadi pamba ilipokwisha.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Tulifanya lililo sahihi, lakini gharama yake aliilipa mjane, si mimi mhadhiri. Usukuma inakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, watu walipochoshwa na wizi wa ng'ombe wakaunda Sungusungu kwa pinde na mishale. Walijilinda pamoja, ingawa mara nyingine walivuka mipaka ya haki. Leo kila mwenye fedha anataka kujilinda peke yake, kwa chuma cha miaka themanini.

Enyi watumishi wa umma mnaosoma hapa: mtu mwenye leseni anapofariki, msisubiri mjane aje kwa hofu. Daftari mnalo ninyi. Mwendeeni mapema, kwa upole, kabla ada haijadaiwa na kabla mnunuzi hajabisha hodi. Na mkulima wa pamba akilipwa kwa benki au kwa simu, mjomba wangu hatakuwa na mfuko wa kulinda.

Msimu huu amenipigia tena. Ameweka mlango wa chuma na mbwa wawili. Bado halali vizuri.