Pampu na Milango Yake

Huenda ukafikiri, msomaji, kuwa waya ni kitu kisichostahili kuandikiwa insha. Hauna sauti wala harufu, na fundi akimaliza kazi yake huufunika usionekane. Lakini mahali penye uhaba wa maji, waya uliounganishwa vibaya waweza kuwatia kiu watu wengi. Kwa sababu hiyo nakuomba unisikilize kidogo.

Ganze ni nchi kavu, nyuma ya pwani ya Kilifi. Mvua yake haitegemeki. Katika ukame uliotangazwa kuwa janga la taifa mwezi wa Septemba 2021, mifugo mingi ilikufa na silanga zikabaki matope yaliyopasuka. Mtungi wa lita 20 una maji ya uzito wa kilo 20, na mtu aliyeuchukua kichwani mwendo wa saa nzima hana tone la kumwaga.

Shule niliyofundisha huko ilikuwa na tangi moja chini ya ardhi, na matangi mawili juu ya minara: moja la jiko, jingine la bweni la wasichana. Pampu moja iliyalisha yote mawili. Fundi wa kwanza aliunganisha pampu na maboya ya matangi ya juu peke yake. Boya likishuka, pampu ilikwenda. Kama chini mlikuwa na maji au hamna, hakuna kilichouliza. Usiku mmoja tangi la chini lilikauka, na pampu ikazunguka tupu. Maji ndiyo yaipozayo pampu na kuilainisha. Ilipoyakosa, iliungua kabla ya alfajiri. Kwa siku tisa wasichana walikwenda silangani kuteka maji, na somo la kwanza la asubuhi likafundishwa mbele ya viti vitupu.

Fundi wa pili alikuwa mzee mpole. Kabla hajashika koleo aliomba kipande cha chaki, akachora ubaoni. Akaniambia, "Mwalimu, anayeomba maji siye mwenye maji. Inafaa tuwaulize wote wawili."

Kila tangi la juu alilipa vali yake, yaani mlango wa bomba unaofunguliwa na mota ndogo. Sasa boya likishuka, umeme hauendi kwa pampu, bali huenda kwanza kwa vali. Vali ikiisha kufunguka kabisa, swichi ndogo iliyo ndani yake hufunga njia ya umeme, na hapo ndipo pampu huitwa. Hivyo pampu haisukumi maji kwenye mlango uliofungwa. Swichi za vali hizo mbili ziliwekwa sambamba, ili mojawapo iweze kuita bila ya kuingoja nyingine. Lakini boya la tangi la chini liliwekwa katika mfululizo, juu ya njia ile ile iendayo kwenye pampu. Likisema hakuna maji, wito wote hukatika.

Ishike kanuni hii: swichi zilizo sambamba husema "au", zilizo katika mfululizo husema "na". Kuomba ni kwa yeyote. Kuruhusu ni kwa wote.

Kanuni hiyo si ya Ganze tu. Katika nchi za baridi, kama Uingereza na Kanada, kuna nyumba zinazopashwa joto kwa maji ya moto yapitayo mabombani. Chumba kikipoa, swichi ya ukutani inayohisi joto huita vali ya upande wake. Vali hufunguka, kisha huita pampu. Nchini Kanada vali hizo aghalabu hutumia volti 24. Umeme wa majumbani mwetu Kenya ni volti 240, na mkono uliolowa huupa njia rahisi ya kupita mwilini. Basi usiguse nyaya za pampu. Kazi ya kuunganisha mwachie fundi mwenye leseni, naye azime umeme kwanza, kisha aupime ahakikishe umezimika.

Kuchora, hata hivyo, hakumdhuru mtu. Chukua kalamu uchore pampu ya shuleni kwenu, au ya jirani, pamoja na matangi na milango yake. Kisha jiulize swali ambalo fundi wa kwanza hakuliuliza: ni nani anayeomba, na ni nani mwenye kutoa?